Mtu Chini ya Wimbi

Habari ya kifo cha Mama Dafroza ilinikuta kazini, Bujumbura, nimevaa aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia miale, namwambia mgonjwa avute pumzi aishike ili nimpige picha ya kifua. Simu ilitetemeka mfukoni, nikaiacha. Iliporudia nikaiacha tena. Mgonjwa alipotoka ndipo nikasoma ujumbe, nikakaa pale pale kwenye kiti chake na kulia kwa sauti, bila kujali foleni iliyokuwa nje ya mlango. Mazishi sikuyawahi. Nilifika Rumonge siku ya kumaliza matanga, nikakaa chini ya turubai na sahani yangu ya wali na maharage, nikisikiliza watu wakisimama mmoja mmoja kumsifu marehemu. Walisifu mawese yake, kwamba hayakuwa na maji hata tone. Walisifu sauti yake kwenye kwaya. Jirani mmoja akasema marehemu alikuwa na kichwa kigumu, watu wakacheka huku wakipangusa machozi, na mimi nikacheka pia. Nilingoja mpaka turubai likafunguliwa, na hakuna aliyeutaja mwaka wa ile picha ya kanisani. Waliokuwepo wakati ule wengine wamekufa, wengine wamehama, na vijana wanaopiga magoti mbele ya ile picha kila Jumapili wanadhani ilitoka hivyo hivyo mikononi mwa mchoraji. Nilirudi Bujumbura na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha haya.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walifanya nini. Wao wana habari zao. Naanzia kwenye chumba. Nilikuwa sijafikisha miaka ishirini, nasomea kazi ya eksirei, na shule ilinituma kufanya mafunzo katika hospitali ya Rumonge. Mama Dafroza alikuwa na nyumba ndogo kando ya barabara ya kwenda Nyanza-Lac, akanipa chumba kilichokuwa stoo ya mapipa yake ya mawese. Mapipa yalihamishwa, harufu ikabaki. Nilinuka mawese kazini, nilinuka mawese kanisani, na wagonjwa waliponiuliza kama kule ndani ya chumba cha picha tunakaanga ndizi, sikujua nicheke au nilie. Ukuta uliotutenganisha haukufika juu, kwa hiyo kila alichosema nilikisikia: sala zake, ugomvi wake na redio, nyimbo za kwaya alizojifunza kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania. Jioni tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizopikwa kwa mawese mpaka vidole vikawa vyekundu, siku nyingine sombe, yaani kisamvu, na samaki wa mukeke wa kuchoma pakiwa na sababu. Alitoka Burundi akiwa mtoto mdogo, akarudi mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, kilichonyooka. Nikisema "kisu iko wapi," alinijibu, "Kipo mezani, Jene, hakijaenda popote." Nilimchukia kwa hilo na nilimpenda kwa mengine yote.

Hakuwa na picha ya wazazi wake, hata moja. Baba yake, Tarisisi, alichukuliwa na watu wenye silaha katika mwaka wa mauaji na hakurudi. Siku chache baadaye mama yake, Melaniya, akawapakia watoto mtumbwini na kuwakimbiza Tanzania. Melaniya naye alifia kambini, Dafroza akiwa msichana. "Nikifumba macho simwoni baba," aliniambia jioni moja akichambua mchele. "Naona shati. Shati bila kichwa, fikiria." Kitu pekee alichoachiwa na mama yake kilikuwa neno moja, alilolisema mara chache na kila mara kwa kifupi: baba yenu yuko kanisani Rumonge, kwenye picha ya ziwa, chini ya maji. Akiulizwa zaidi alinyamaza. Dafroza akajaza mwenyewe yaliyobaki. Kwa hesabu yake, waliomwua baba yake walimfuata hata kanisani, wakamfunika kwa rangi ili asibaki popote. Alikua na jambo hilo, aliolewa nalo, alifiwa na mume nalo, na aliporudi Burundi hakwenda kwanza kutazama shamba. Alikwenda kanisani.

Picha ilikuwa imechorwa juu ya mbao za mtumbwi mkubwa uliovunjwa, zikaunganishwa na kutundikwa kushoto kwa altare. Ni mitume katika dhoruba. Mchoraji wake, Anselmi, alikuwa fundi wa kupaka rangi mitumbwi, na badala ya ziwa la kwenye Biblia alichora letu, pamoja na milima ya Kongo ng'ambo, na mitume akawapa nyuso za watu wa Rumonge. Hayo tuliyasikia, maana kuyaona ilikuwa kazi. Akina mama wa parokia walikuwa na desturi yao: kila inapokaribia sikukuu waliisugua ile picha kwa kitambaa chenye mawese ili ing'ae, kama wanavyowapaka watoto mafuta kabla ya misa. Iling'aa siku ile ile. Kisha vumbi likaganda juu ya mafuta, moshi wa mishumaa ukaganda juu ya vumbi, na mwaka uliofuata wakapaka tena kwa upendo ule ule. Kufikia wakati wangu picha ilikuwa nyeusi karibu yote. Ukisogea uliona kanzu ya Yesu, vichwa vya mitume kwa kubahatisha, na nyuma ya mtumbwi wimbi moja la buluu lililopanda juu kuliko mengine.

Siku moja nilikuwa nafagia kanisa na kikundi cha vijana, nikasikia mazungumzo kutoka chumba cha padri cha kuvalia. Mjumbe mmoja wa baraza la parokia alikuwa akisema, "Ile picha ya mupya iko njiani, inatoka Bujumbura, iko na rangi nzuri kabisa." Mwingine akauliza kuhusu mbao za ile ya zamani. "Mbao ni nzuri bado. Fundi atatufanyia mulango ya cuisine." Nilimfikishia Mama Dafroza maneno hayo wakati wa chakula. Alikuwa ameshika tonge la ugali. Akalirudisha kwenye sahani, akanawa mikono, akavaa kitenge cha kutokea. Nilimfuata mbio hadi kwa padri, mtu mzima mnene, mcheshi, aliyependwa na wote.

"Amahoro, mama," padri alisema. "Karibu, mukae."

"Sikai, Baba Padri. Nimesikia picha inakwenda kuwa mlango wa jiko."

Padri alikohoa kidogo. "Mama Dafroza, hiyo picha imekwisha. Hata Yesu mwenyewe hatumuone vizuri. Monseigneur, askofu wetu, anakuja ku sikukuu, nitamuonyesha nini? Masizi?"

"Baba yangu yumo."

"Unajua, kila mutu hapa ananiambia baba yake iko mu ile picha. Mitume walikuwa kumi na mbili, lakini mababa wamekuwa wengi sana!"

"Wangu si mtume. Yuko chini ya lile wimbi la nyuma."

"Sawa. Na preuve iko wapi?"

Niliona shingo ya Mama Dafroza ikikakamaa. "Nipe mpaka sikukuu," alisema. "Nikikuletea ushahidi, picha inabaki na yale maji yanatolewa, baba yangu aonekane. Nikikosa, mbao nitazibeba mwenyewe hadi kwa fundi." Padri akampa mkono, akicheka kwa upole, na nadhani aliamini jambo limekwisha hapo.

Ushahidi ungetoka wapi? Ulitoka kwenye mkono uliovunjika. Bibi mmoja wa mjini aliteleza kisimani, akaletwa kwetu kupigwa eksirei, au radio kama watu wa kwetu wanavyosema, akiwa amesindikizwa na binti yake, Madamu Lidia. Binti huyo alikuwa amesomea Ulaya kazi ya kutunza picha za kale na alikuja likizo kuwaona wazazi. Nilipokuwa nanyoosha kiwiko cha mama yake, aliitazama mashine yetu na kusema kwamba kule alikosoma wanazipiga radio hata picha za kuchorwa, kwa sababu mchoraji akibadili mawazo hufunika tu, na kilichofunikwa hubaki pale pale. Nilimsahau bibi na mkono wake. "Madamu," nikasema, "kesho una nafasi?" Mama yake akalalamika kwamba anaumia, na alikuwa na haki.

Madamu Lidia alikuja kanisani Jumamosi mchana na kamera ambayo kioo kimoja cha ndani kilikuwa kimetolewa. Tulifunika madirisha kwa vitenge, tukawasha taa zake. Alitueleza kwa maneno mepesi. Jicho la mtu lina mpaka. Kuna mwanga uliopita ule mwekundu, wanauita infraruji, sisi hatuuoni lakini kamera ile inauona. Mwanga huo hupenya rangi nyingi, mafuta yaliyozeeka na moshi mwembamba wa mishumaa, mpaka ukutane na masizi mazito. Masizi huumeza. Kwa hiyo mstari uliochorwa kwa masizi hutokea mweusi hata ukiwa umefunikwa. Mama Dafroza akasema Rumonge masizi hayajawahi kupungua, palipo na mapipa ya kuchemshia mawese yapo ya kutosha kuchora dunia nzima. Madamu akaielekeza kamera pale nyuma ya mtumbwi pichani, akabonyeza, akatuita kwenye kioo kidogo cha mgongoni mwa kamera. Weusi wa mafuta ulikuwa umepotea. Mitume walionekana kwa mistari, na pale palipokuwa na wimbi palikuwa na mtu ameinama, mguu mmoja juu ya ubao wa kukalia, mkono umeshika kopo, anatoa maji mtumbwini. Mama Dafroza alishika mkono wangu na kuubana mpaka ukauma.

Lakini mtu yule hakuwa na uso. Palikuwa na duara la kichwa, na ndani ya duara hamna kitu. Madamu alisema mchoraji alichora miili kwa masizi, ila nyuso alizipaka moja kwa moja kwa rangi, na rangi hizo mwanga ule unazipita. Akatuonyesha jambo jingine: mawimbi yote yalikuwa na mistari ya masizi chini yake, isipokuwa lile moja la nyuma. "Hili halikuchorwa na yeye," alisema. Akaweka taa pembeni kabisa, chini, mwanga upite juu ya mbao kwa ubavu, na juu ya wimbi tukaona mifereji myembamba, minneminne, imekwenda kwa upinde kutoka kushoto kwenda kulia. Ilikuwa alama za vidole. Aliyepaka wimbi lile hakutumia brashi. Mama Dafroza akatema maneno ambayo hayafai kanisani. "Hata brashi hawakumtafutia," akasema. "Walimpaka kama wanaziba shimo la panya."

Padri aliangalia picha ile ya kamera kwa muda mrefu. Cheko lilikuwa limemtoka. Hata hivyo baraza lilikuwa na wakali wake, na neno lao nalo lilikuwa na uzito: mtu bila uso anaweza kuwa mtu yeyote. Jioni ile Mama Dafroza hakugusa ndagala. Nilimwambia angalau sasa tunajua yumo. "Jene," alinijibu, "shati nilikuwa nalo tayari. Mimi nataka uso." Hakusema kwa kulia. Alisema kama mtu anayeagiza kitu dukani na hatatoka mpaka apewe, nami nikaona aibu kwamba nilitaka kumtuliza. Usiku huo huo nilikuwa nimeshaamua nitamwambia nini mkuu wangu wa kazi.

Mkuu wangu alikuwa mtu wa mzaha. "Unataka nimupige radio Mutakatifu Petero?" aliuliza. "Anaumwa wapi?" Nilimweleza alichonieleza Madamu Lidia: mafundi wa mitumbwi zamani walitumia rangi nyeupe yenye madini ya risasi ndani, na kama Anselmi aliichanganya rangi hiyo kupaka nyuso, risasi itaonekana, kama inavyoonekana risasi ya aproni yetu. Wimbi likiwa la rangi nyepesi, miale italipita. Alikataa asubuhi, akakataa mchana, na mimi nikawa naingia na swali lile lile kila nilipompelekea filamu. Mwishowe akasema Jumapili baada ya misa, kama hakuna mgonjwa na kama umeme upo, na kwamba nisimpigie kelele tena.

Akina mama wa parokia waliibeba picha kutoka kanisani hadi hospitalini, wakiimba, na watu wa sokoni wakaacha mizani zao kutazama. Ilipofika mlangoni Madamu Lidia akashika kichwa. Picha ilikuwa inatiririka mawese. "Mumeipaka!" alisema. "Nani amewaambia?" Mkubwa wa akina mama hakuelewa kosa liko wapi. Mgonjwa akipelekwa hospitali anaogeshwa na kupakwa mafuta, la sivyo watu watasema hana ndugu. Wangewezaje kuileta ikiwa imepauka? Mafuta yalidondoka juu ya meza ya mkuu wangu, yakaingia kwenye viatu vyake, mzaha ukamwishia. Tukakaa chini wote, wenye elimu na wasio nayo, tukifuta mbao kwa pamba, taratibu, mraba kwa mraba. Tulipomaliza umeme ukakatika.

Wengine walirudi nyumbani kula. Mama Dafroza alivuta benchi, akakaa kando ya picha kama wanavyokaa wanaouguza wagonjwa wao, mfuko miguuni. Nilimletea mkate na chai akanywa chai tu. Mkuu wangu alitazama saa, akatazama viatu vyake, akasema labda Jumapili nyingine. "Jumapili nyingine ni baada ya sikukuu," Mama Dafroza akamjibu bila kugeuka. "Wewe nenda, mwanangu, ukapumzike. Jene ataniwashia." Sikuwa na ruhusa ya kuwasha chochote peke yangu, na yule bwana alilijua hilo, akavua koti lake tena, akakaa. Jua lilikuwa limeshaelekea Kongo umeme uliporudi. Filamu ya kwanza niliipiga kwa nguvu mno, ikatoka nyeusi tupu. Nilijikaza, nikapunguza, nikapiga ya pili.

Nimesafisha filamu nyingi maishani, kabla kompyuta hazijatuondolea kazi ile, ila ile ndiyo iliyonifanya mtu wa kazi hii. Nilisimama kwenye chumba cha giza, taa nyekundu juu yangu, nikiitikisa kwenye dawa kwa koleo. Ilitokea kwanza misumari iliyounganisha mbao. Kisha, polepole, paji la uso. Kisha shavu, pua pana, masikio yaliyosimama mbali na kichwa, na mdomo uliofunguka upande mmoja kama wa mtu anayetania wenzake huku akifanya kazi. Nilipoitundika kwenye kisanduku cha taa Mama Dafroza aliisogelea kwa hatua ndogo. Akajishika masikio yake mwenyewe, yale aliyokuwa akiyafunika kwa kilemba kila siku ya Mungu, akaanza kucheka, akalia katikati ya kicheko. "Kumbe ni yake," alisema. "Nimeyatukana miaka yote, kumbe ni yake."

Baraza lilitaka bado mtu aliyemjua Tarisisi aje athibitishe, na Mama Dafroza hakupinga. Aliona hata yeye anataka kusikia jina likitajwa na mtu mwingine. Wa kwanza tuliyemfikiria alikuwa mchoraji mwenyewe. Mzee Anselmi alihamia Kabonga, karibu na mpaka, kwa mwanawe mvuvi. Tulimkuta uani amekaa kati ya ndagala zilizoanikwa, akiwafukuza kuku kwa fimbo na kuwalaumu kwa Kirundi. Hakutusalimia vizuri. Aliposikia picha ya kanisani akasema, "Wale wamama wa mawese bado wanaiharibu?" Tukakiri kwamba bado. Akasonya, akachukua filamu, akaiinua kuelekea mwanga wa jua.

"Tarisisi," alisema. "Ni ye. Hiyo masikio nilimuchekea sana."

"Kwa nini si mtume?" nikauliza.

"Mutoto, ulishaona bwato mu muhengeri, mu dhoruba kali, bila mutu wa kutoa maji? Mitume walikuwa wanalia, Bwana amelala. Nani alikuwa anatoa maji? Nikaweka Tarisisi, kwa sababu ye hakuweza kukaa bila kazi."

Mama Dafroza akavuta kigoda, akakaa mbele yake, uso kwa uso. "Mzee wangu, mimi ni binti yake, niambie waliomfunika. Majina. Sitaki kuwafanya kitu, nataka kuwajua."

Mzee Anselmi alimtazama kana kwamba ameulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Mama yako hakukuambia?"

"Alisema yuko chini ya maji. Basi."

"Ni Melaniya, mama yako, njo alimufunika." Alirudisha filamu magotini mwake. "Walikuwa wamemaliza kumukamata Tarisisi. Siku moja wakaingia kanisa, wakawa wanaonyesha picha na kidole: huyu ni nani, na huyu, na bandugu yake wako wapi, na batoto. Wakasema watarudi na mutu wa kuwatajia majina. Melaniya akanikuta mule, nilikuwa napaka ukuta, chokaa na buluu. Akasema, Anselmi, mufunike. Nikakataa. Iyo ilikuwa kazi yangu nzuri kupita zote, nikasema siiharibu. Akachukua ndoo yangu. Hakuomba hata brashi. Akapaka na mukono, namna wanawake wanakandika nyumba. Wewe ulikuwa mu mugongo, unalala. Kisha akanawa, akaenda ku ziwa na nyinyi wote."

Kuku walirudi kwenye ndagala na hakuna aliyewafukuza. Miaka yote Mama Dafroza alikuwa amewachukia watu kwa ajili ya wimbi lile, na wao walistahili kuchukiwa kwa mengine, lakini si kwa hilo. Nilidhani atavunjika. Badala yake aliuliza kwa sauti ya kawaida kama mzee anaweza kuja kanisani kusema hayo mbele ya padri. Mzee akasema miguu haiwezi. "Tutakubeba," akasema Mama Dafroza. Siku ya pili yake alikuja kweli, ameketi mbele kando ya dereva, akilalamika njia nzima, na alisema yote tena mbele ya baraza zima. Hakuna aliyezungumzia mlango wa jiko baada ya hapo.

Basi ikafika siku ya kutoa maji. Padri alitimiza neno lake. Madamu Lidia alitandaza pamba na chupa zake chini ya picha. Alikuwa amejaribu kwenye pembe, wimbi lilikuwa linatoka vizuri, chokaa ile haikushika sana. Akina mama walikaa mstari wa mbele, bila mawese. Mimi nilishika taa. Kabla kazi haijaanza, Mama Dafroza akaomba apande juu ya kigoda kwanza. Tangu Kabonga hakuwa amesema lolote kuhusu mama yake, hata nilipomsikiliza juu ya ukuta wa chumba. Alikunja mkono wa blauzi. Akapeleka mkono kwenye wimbi, akaweka vidole vyake ndani ya ile mifereji, akaufuata upinde taratibu kutoka kushoto mpaka mwisho wake, kisha akarudi kushoto akaufuata wa pili, jinsi mwanamke anavyokandika ukuta wa nyumba yake. Madamu Lidia alikuwa ameshalowesha pamba.

"Weka chini, mwanangu," Mama Dafroza alimwambia. "Baba Padri, picha inabaki. Na maji yanabaki."

Padri alisimama. "Mama, tulikubaliana. Na baba yako?"

"Baba nimeshamwona. Huyu hapa ni mama." Hakuondoa mkono. Alinigeukia, macho yamejaa, sauti imara kama siku zote. "Jene, shusha taa, watu waone vidole."

Nikaishusha, kwa ubavu kabisa, na akina mama wakainuka mmoja mmoja kuja kutazama.